Kurithi na Kupatwa: Juu ya Vitenzi Tunavyotumia kwa Saratani ya Kibofu

Mwaka juzi, nikiwa Tunduma kwa kazi ya kukusanya maneno ya Kiswahili cha mpakani, nilisikia sentensi moja ambayo imenisumbua hata leo, nayo ndiyo sababu ya makala haya. Mshenga mmoja, mtu mzima mwenye kusema kwa makini, alikuwa ametoka kupeleka posa katika nyumba moja ya wilaya ya Mbozi. Nilipomwuliza habari za safari yake alijibu: "Posa ilipokewa vizuri, Mwalimu, ila wazee wetu wamerudi nyuma. Wamesikia ya kuwa binti yule atarithi saratani ya kibofu." Baba wa binti alikuwa amekufa kwa ugonjwa huo, na baba yake mdogo vilevile. Wazee hawakulibuni neno "atarithi" wenyewe. Walilipata katika kipeperushi cha afya kilichofasiriwa kutoka lugha ya kigeni, ambacho kijana wao mmoja aliwasomea kwa Kiswahili, kisha akawaeleza kwa Kinyiha.

Mimi si tabibu, wala sitaki kujivika joho lisilo langu. Lakini sentensi ni mali yetu sisi wachunguzi wa lugha, na sentensi iliyovunja posa yastahili kuchunguzwa. Nimesoma maandishi ya wataalamu wa ugonjwa huu kwa kadiri nilivyoweza, nikaona kwamba wao hawasemi yale waliyoyasikia wazee wa Mbozi. Jambo limepotea njiani, nalo limepotea katika kitenzi.

Yafaa kwanza tutazame majina. Kibofu ni neno letu la zamani, na kila msemaji hulielewa, awe anasema juu ya mwili au juu ya kibofu cha mpira. Saratani imetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni kaa wa baharini. Wayunani wa kale pia waliuita ugonjwa huu kaa, na Walatini wakawafuata, na kutoka kwao ndiko lilikotoka neno kansa ambalo nalo twalitumia. Hivyo saratani na kansa ni kaa yule yule aliyetufikia kwa njia mbili. Kiswahili kilikuwa pia na donda ndugu, jina la kidonda kinachoenea na kula nyama. Jina hili lina hekima yake, kwa kuwa lasema juu ya kuenea, wala halisemi kitu juu ya chanzo. Chanzo ndicho kilichotutia matatani.

Katika mwaka wa 1895 daktari mpasuaji wa Frankfurt, Ludwig Rehn, aliwaeleza wenzake habari za wafanyakazi watatu wa kiwanda cha rangi waliopata saratani ya kibofu. Jambo walilokuwa nalo pamoja lilikuwa kazi. Baadaye ilithibitika kwamba baadhi ya kemikali zilizotumika katika viwanda vya rangi, zile ziitwazo amini za aromatiki, huingia mwilini, hupita katika damu na ini, na mwisho hutoka na mkojo. Mkojo hukaa katika kibofu kwa saa nyingi, na kwa hiyo utando wa ndani wa kibofu hugusana na sumu kuliko viungo vingine vingi. Kemikali za jamii hiyo zimo pia katika moshi wa sigara. Ndiyo maana mvutaji wa sigara hupatwa na saratani ya kibofu mara tatu au nne zaidi ya mtu asiyevuta kamwe, jambo ambalo wavutaji wengi hawalijui, kwa kuwa wao hufikiri ya kuwa moshi huishia mapafuni.

Sasa twafika penye tofauti za watu. Ini lina vimeng'enya, yaani protini zinazofanya kazi ya kubadili kitu kimoja kuwa kingine. (Neno hili limeundwa vizuri kutokana na kumeng'enya, nami nalisifu kila nilionapo.) Kimojawapo huitwa NAT2. Kazi yake ni kubandika juu ya amini kipande kidogo kiitwacho asetili, na amini ikishabandikwa hivyo katika ini hupungua makali, ikatoka salama. Isipobandikwa mapema, sehemu yake hushika njia nyingine, ikageuzwa kuwa kitu kikali zaidi ambacho chaweza kufika katika kibofu na kuharibu chembe za uhai zilizo katika utando wake. Watu hawafanani katika kazi hii. Wako ambao kimeng'enya chao ni chepesi, na wako ambao kimeng'enya chao ni cha polepole.

Aliyekaa Tunduma hahitaji mfano mrefu. Malori hupanga foleni kuelekea Nakonde, na kila moja hungoja karatasi zake zigongwe muhuri. Karani akiwa mwepesi, foleni husogea. Akiwa mzito, malori hujaa barabarani, na dereva aliyechoka kungoja hutafuta njia ya panya. Lakini siku ambayo hakuna malori, uzito wa karani haumdhuru mtu. Ndivyo ilivyo kwa NAT2: upole wake ni neno tupu mpaka sumu iwepo.

Tofauti hii haikugunduliwa kwa ajili ya saratani. Ilionekana katika miaka ya 1950, wakati dawa ya isoniazidi ilipoanza kutumika kwa wagonjwa wa kifua kikuu. Matabibu waliona kwamba kwa watu fulani dawa hukaa mwilini muda mrefu, na kwa wengine hutoka upesi. Mwaka 1960 Evans na wenzake walionyesha kwamba jambo hili hufuata uzazi. Wenye kimeng'enya cha polepole ndio wepesi zaidi kupata ganzi ya miguu na mikono kwa dawa hiyo, na hiyo ni sababu mojawapo ya kutoa vitamini B6 pamoja nayo. Mtu wa Tunduma aliyetumia isoniazidi kwa kifua kikuu, basi, amekwisha kukutana na NAT2, ingawa hajapata kulisikia jina lake.

Mwaka 1982 Cartwright na wenzake huko Uingereza walichapisha habari za wagonjwa wa saratani ya kibofu 23 waliokuwa wamefanya kazi katika viwanda vya rangi. Kati yao 22 walikuwa na kimeng'enya cha polepole. Hesabu hii ni ya kutisha, na msomaji aliyeisoma peke yake angeweza kusema kwamba wenye upole wamehukumiwa. Lakini mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi mkubwa wa Hispania, wenye wagonjwa 1150 na watu wengine 1149 wa kulinganisha nao. Humo wenye kimeng'enya cha polepole walizidi wenzao kwa kipimo cha mara 1.4 tu. Maana yake ni hii: penye wagonjwa 10 miongoni mwa watu wepesi, tungetazamia wagonjwa 14 miongoni mwa watu wa polepole walio sawa nao kwa idadi na kwa maisha. Tena ziada hiyo ilionekana kwa wavutaji wa sigara hasa. Kimeng'enya cha wale wafanyakazi wa rangi hakikuwa tofauti na cha Wahispania. Kilichokuwa tofauti ni wingi wa malori barabarani.

Katika Ulaya karibu nusu ya watu au zaidi kidogo wana kimeng'enya cha polepole, na katika Japani ni kama mtu mmoja kwa kumi. Jambo lililo kwa nusu ya watu wa bara zima haliwezi kuitwa kilema, na mtu angekataa kuoza au kuoa kwa sababu hiyo angekuta mji umebaki na mabikira.

Sasa na turudi kwenye kitenzi. Kurithi, tulichokipokea kutoka Kiarabu, chataka yambwa iliyo kamili. Mtu hurithi shamba, nyumba, deni, cheo. Na katika desturi zetu hurithi hata mjane. Kilichorithiwa kilikuwapo mkononi mwa marehemu, kikahamia mkononi mwa mrithi kama kilivyokuwa. Kwa wengi katika nchi ile urithi huo hushika upande wa baba. Mtu akiambiwa "binti amerithi saratani" huelewa kwamba saratani imo ndani yake tayari, nzima, imelala, imetoka kwa baba, nayo yangoja siku. Hivyo ndivyo walivyoelewa wazee, na kwa kanuni za lugha walielewa sawasawa. Aliyekosa ni mfasiri.

Ugonjwa wa selimundu tungeweza kusema kwamba hurithiwa, kwa kuwa mtoto aliyepata nakala mbili za namna hiyo, moja kwa baba na moja kwa mama, amezaliwa nao. Hata hapo pana jambo la kukumbuka: Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwa uchunguzi alioufanya Afrika Mashariki kwamba mwenye nakala moja tu hupata kinga dhidi ya malaria. Lakini saratani ya kibofu tunayoizungumza haipatikani hivyo. Binti wa Mbozi, hata tukidhani kwamba baba yake alikuwa na kimeng'enya cha polepole, amepata kwake nakala moja tu. Ili naye awe wa polepole hapana budi mama yake awe amempa ya pili ya namna hiyo. Na akiwa wa polepole, bado hajarithi ugonjwa. Amerithi karani mzito.

Kiswahili kina maneno mengine ya kusemea jambo hili, nayo ni ya kila siku. Mtoto akizaliwa hatusemi kwamba amerithi pua. Twasema amechukua pua ya babu yake, au amemfuata mama yake kwa rangi. Kuchukua na kufuata hukubali kiasi, hukubali pande zote mbili za uzazi, wala havina harufu ya kifo. Kwa maoni yangu "amechukua kimeng'enya cha polepole kwa wazazi wake" ni sentensi iliyo karibu zaidi na elimu ya wataalamu kuliko "amerithi saratani", na bibi yeyote wa Vwawa ataielewa bila kamusi.

Neno vinasaba nalo lina mzigo wake. Limetoka katika nasaba, yaani ukoo, na kwa muundo wake ni neno zuri. Lakini Watanzania wengi wamelijua kwa njia ya mabishano ya baba wa mtoto. Tangu ilipotungwa sheria ya mwaka 2009 ya kusimamia uchunguzi wa vinasaba vya binadamu, na kwa habari za Mkemia Mkuu wa Serikali zinazotolewa magazetini, "kupimwa vinasaba" kumekuwa karibu sawa na "kutafutwa baba". Ukisema mbele ya wazee kwamba "tofauti za vinasaba huongeza saratani", wako watakaosikia "tofauti za koo". Kumbe tofauti inayosemwa hukata ndani ya ukoo mmoja, hata baina ya ndugu wa tumbo moja. Mimi napendelea jeni mahali pa kutaja kimeng'enya kimoja, na kuacha vinasaba kwa ajili ya jumla. Najua wako wenzangu watakaonipinga.

Na tofauti zenyewe tuziiteje? Wengine huziita mabadiliko, wengine kasoro. Mabadiliko humfanya msikilizaji afikiri kwamba kitu kilikuwa sawa jana, leo kimegeuka. Kasoro ni hukumu. Sisi wa taaluma hii tuna mfano bora nyumbani mwetu. Katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 lahaja ya Kiunguja ilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na tangu hapo walimu wengi wakafundisha kana kwamba Kimvita na Kiamu ni Kiunguja kilichoharibika. Historia haiungi mkono dhana hiyo. Wanasayansi nao wamechagua namna moja ya jeni ya NAT2 kuwa ya kulinganishia, wakaipa namba 4, na namna nyingine huandikwa kama tofauti na hiyo. Huo ni uchaguzi wa kurahisisha kazi. Jeni hii ina herufi 870 zinazoongoza utengenezaji wa protini yake, na kubadilika kwa herufi moja au mbili kwatosha kupunguza mwendo wa kimeng'enya. Sithubutu kuwataka matabibu waseme "lahaja za jeni", lakini kwa "kasoro" sitanyamaza.

Mfano wa lugha wafaa pia kwa jambo zito zaidi. Miongoni mwa Waafrika hupatikana namna ya NAT2 iliyopewa namba 14, ambayo herufi yake ya 191 ni tofauti, na kimeng'enya chake ni cha polepole. Kwa Wazungu namna hii karibu haipo. Kipimo kilichotungwa kwa kutazama namna zilizo mashuhuri Ulaya tu kitampita Mwafrika mwenye namba 14 bila kumwona, na kitamwandika kuwa mwepesi ilhali ni wa polepole. Wachunguzi wa lugha tumeyaona haya. Mgeni ambaye lugha yake haimfundishi kutofautisha ng na ng' husikia sauti moja, na katika daftari lake maneno mawili huwa neno moja. Makosa yake hayaonekani kwake, kwa sababu daftari lenyewe lapendeza. Watu wa Afrika wana tofauti nyingi zaidi za jeni kuliko watu wa mabara mengine yote, na alfabeti iliyopunguzwa haitutoshi.

Liko na jambo la tatu lililopotea katika ule ufasiri, nalo kwa nchi yetu ni kubwa kuliko yote. Saratani ya kibofu iliyohesabiwa Hispania ni ile inayoanza katika seli za kawaida za utando wa njia ya mkojo, ambayo ndiyo karibu yote katika Ulaya. Kwetu haiko hivyo. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 185 wa kaskazini-magharibi ya Tanzania, waliopimwa katika Hospitali ya Bugando, Mwanza. Zaidi ya nusu yao walikuwa na saratani ya namna nyingine, ya seli bapa, na katika vipande vya nyama vya wagonjwa wengi yalionekana mayai ya kichocho. Mdudu wa kichocho aligunduliwa na Theodor Bilharz huko Kairo mwaka 1851, na mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilithibitisha kwamba kichocho cha mkojo husababisha saratani ya kibofu kwa binadamu. Mayai yake hukwama katika ukuta wa kibofu, hutia uvimbe usiokwisha kwa miaka mingi, na uvimbe huo huandaa mahali pa saratani.

Nilipomwuliza mshenga juu ya maisha ya marehemu wale wawili, alinieleza bila kujua uzito wa maneno yake. Walikulia katika mashamba ya mpunga huko bondeni upande wa Kamsamba, walioga mitoni, na wote wawili walikojoa damu utotoni. "Sisi sote tulikojoa damu," alisema, "haikuwa habari." Baadaye mmoja akawa dereva wa malori na mwingine mkulima wa kahawa, na wote walivuta sigara. Basi walikuwa ndugu wa baba mmoja, lakini pia ndugu wa maji mamoja na wa pakiti moja. Ugonjwa ukiwaonekana ndugu wawili, lugha yetu hukimbilia damu. Maji hayana nasaba, kwa hiyo husahauliwa. Tena wakubwa wanaokojoa damu katika mji wa mpakani huogopa kudhaniwa kuwa na kisonono, wakajificha, na kichocho ambacho dawa yake ya prazikwanteli ipo na ni ya vidonge tu hukaa nao mpaka wakati wa kutibika umepita.

Kipeperushi kile kilitumia pia neno hatari, kwamba jeni "huongeza hatari". Hatari katika masikio ya watu ni simba, ni moto, ni mto uliofurika: kitu kilichopo mbele yako sasa. Siku hizi watu wa afya wameunda vihatarishi, nami nakubali kwamba sigara na maji yenye kichocho ni vihatarishi, kwa kuwa hutenda. Kimeng'enya cha polepole hakitendi. Kosa lake, kama ni kosa, ni kuchelewa kutenda. Kwa hicho nasema wepesi wa kupatwa. Na hapa ndipo ninapokitaka kitenzi cha pili cha anwani yangu. Mtu hupatwa na ugonjwa, yaani ugonjwa hutoka nje ukamkuta. Kiswahili kimezoea kuyatenga mawili haya, ya kuzaliwa nayo na ya kukutwa nayo, na mwenye moja haulizwi la pili. Saratani ya kibofu yataka yote mawili yakae katika sentensi moja.

Nilijaribu kuitunga. Niliandika: "Mtu aliyechukua kimeng'enya cha polepole kwa wazazi wake, akivuta sigara, hupatwa na saratani ya kibofu upesi kuliko mvutaji mwenzake." Kabla ya kuondoka Tunduma nilimpelekea muuguzi mmoja wa makamo, mwenyeji wa Ileje, anisaidie kuisoma kama wagonjwa wake watakavyoisoma. Aliisoma mara mbili, akauliza kama kila mvutaji wa namna hiyo hupatwa. Nikasema la, ni wachache tu. "Basi, Mwalimu, hii hu- yako imewamaliza wote," akasema. Akafuta "hupatwa", akaandika juu yake "aweza kupatwa". Akafuta na "upesi", kwa kuwa, alisema, habari si ya kutangulia bali ya wingi. Kisha akaongeza chini, kwa mkono wake, mstari ambao mimi sikuufikiria: "Na aliyewahi kukojoa damu, hata zamani, aje apimwe."

Nakala ya karatasi ile nilimpa mshenga.